Nyumba si yako, vyombo ni vyako: maswali ya waliopanga kwa wapangaji

Barua za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja. Mtu kapanga kwa mtu ambaye naye kapanga, mwenye nyumba katokea, na vyombo vimekutwa uwanjani au havikukutwa kabisa. Nimechagua saba. Majina nimeyaacha, na barua ndefu nimezifupisha.

Assalamu alaikum Mama. Nilipanga vyumba viwili Mpendae kwa kijana aliyenambia nyumba ni ya familia yao. Nikampa kodi ya miezi 6, shilingi 100,000 kwa mwezi. Nilipomaliza mwezi wa tatu akaja kaka wa mwenye nyumba, akasema yule kijana ni mpangaji tu, mwenyewe yuko Maskati na hajaruhusu mtu mwengine. Siku ya pili yake narudi kutoka soko la Mwanakwerekwe, nakuta kitasa kipya na vyombo vyangu nje. Cherehani haipo. Mkoba wenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto haupo. Naambiwa sina haki yoyote kwa sababu mimi si mpangaji wake. Ni kweli? (Mshonaji, Mpendae)

Waalaikumu salaam mwanangu, na pole sana. Aliyekwambia hivyo kakupa nusu ya maneno, na nusu aliyoibakisha ndiyo inayokufaa.

Hapa pana haki mbili na watu wameziunganisha. Ya kwanza ni haki ya kukaa ndani ya nyumba, na hiyo kwako ni dhaifu. Yule kijana hawezi kukupa kilicho zaidi ya alichonacho. Kama mkataba wake ulimkataza kupangisha mtu mwengine, mwenye nyumba ana sababu ya kuwataka nyote wawili mtoke. Lakini kutaka ni kitu kimoja, na kubadilisha kitasa mtu akiwa sokoni ni kitu chengine. Mtu anayeishi ndani ya nyumba hutolewa kwa amri ya mahakama, hata kama aliingia kwa mlango usio sahihi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda maskani ya mtu katika kifungu cha 15 na mali yake katika kifungu cha 17, na hakuna paliposema hifadhi hiyo ni ya mwenye nyumba peke yake.

Haki ya pili ni ya vyombo, na hiyo haina udhaifu wowote. Cherehani ni yako. Haikuwa sehemu ya nyumba, haikuwa rehani ya kodi, na mgogoro wa watu wawili wengine haukuigeuza kuwa mali ya mtu. Aliyeitoa ndani kwa mikono yake ameichukua katika dhamana yake. Akiiacha barabarani ikapotea, ataulizwa. Akiichukua yeye, huo ni wizi, na wizi ni jambo la polisi.

Kwa hivyo unao watu wawili wa kuwadai, kila mmoja kwa lake. Kijana unamdai kodi ya miezi 3 ambayo hukuikaa, yaani 300,000, na gharama za kuhama na hasara iliyotokana na yeye kutotimiza makubaliano. Mikataba kwetu inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 149, na mwenye kuvunja mkataba hulipa hasara aliyoisababisha. Tena kwa kuwa alikwambia nyumba ni ya kwao hali si kweli, kuna udanganyifu ndani yake, na kuchukua pesa ya mtu kwa uongo ni kosa la jinai. Kaka wa mwenye nyumba unamdai vyombo.

Anza leo. Nenda kituo cha polisi ukaripoti vilivyopotea, na usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya ripoti yako katika kitabu cha polisi. Kisha nenda kwa sheha wa shehia ile ile, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, umweleze na umwombe aandike alichokikuta. Sheha si hakimu na hawezi kukurudishia chumba, lakini ndiye anayejua nani anaishi wapi, na neno lake lina uzito mbele ya hakimu. Vyeti vya watoto vinatolewa upya na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na ripoti ya polisi itakusaidia huko.

Na andika orodha. Mwaka mmoja wakati wa masika niliitwa Jang'ombe kwa mama aliyetolewa vyombo. Nilikuta godoro la futi 5 limesimamishwa kando ya mtaro linavuja maji, mbuzi ya kukunia nazi juu yake, na mtoto wa skuli anajaribu kubandua kurasa za daftari zilizoshikana. Yule mama alikuwa analia, lakini mkono wake ulikuwa unaandika. Nyuma ya daftari hilo hilo aliandika kila alichokikosa: masufuria manne, pasi, kanga doti sita, redio, na mahali kila kimoja kilipokuwa kimewekwa. Tulipokaa kwa sheha, upande wa pili ulikuja na maneno na sisi tukaja na karatasi yenye tarehe ya siku ile ile. Vitu viwili vilirudi jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyesema vilikuwa wapi. Vilivyobaki vililipwa.

Mama, vitu vyangu vingi nilinunua mnadani na kwa watu, sina stakabadhi hata moja. Nitathibitisha vipi kama nilikuwa na friji? (Amani)

Stakabadhi ni ushahidi mmoja tu kati ya mwingi. Aliyekuuzia yupo? Fundi aliyeitengeneza? Jirani aliyekuwa anagandisha barafu zake kwako? Hao ni mashahidi. Tafuta picha kwenye simu yako na za jamaa. Picha ya Idi mliyopiga sebuleni, nyuma yake friji inaonekana, ni ushahidi mzuri. Ujumbe wa simu wa kutuma pesa, siku uliyolipa, usiufute. Sheria ya ushahidi ya Zanzibar inapokea ushahidi wa kielektroniki. Na bei usiitie chumvi. Friji ya mkononi ya miaka minane taja kuwa ni ya mkononi ya miaka minane. Nimeona dai zuri likiharibika kwa kitu kimoja kilichopandishwa bei mara tatu, kwa sababu hakimu baada ya hapo hakuamini hata yaliyo kweli.

Mimi ni mwenye nyumba, Chake Chake. Mpangaji wangu kahama bila kuniaga, kaweka watu nisiowajua na wao wanamlipa yeye. Mimi sipati kitu mwezi wa nne huu. Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu. Kwa nini nisibadilishe kitasa?

Mzee wangu, shikamoo. Uchungu wako ninauelewa, na makosa umefanyiwa wewe. Ndiyo maana sitaki uyageuze yawe yako. Leo wewe ndiye unayedai. Ukibadilisha kitasa na kikapotea kijiko, kesho wewe ndiye unayedaiwa, na yule aliyekula kodi yako ya miezi minne atakaa pembeni anatazama.

Mwandikie mpangaji wako kwa maandishi kwamba amevunja mkataba, na umpe muda uliotajwa kwenye mkataba wenu. Waandikie na waliomo ndani, tena kwa upole, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliodanganywa kwanza. Barua zipite kwa sheha na nakala ubaki nayo. Zungumza nao. Huenda wakawa watu wema mkafunga mkataba mpya moja kwa moja, kodi ikaanza kuja kwako mwezi ujao. Nimeona mara nyingi mambo yakiisha hivyo, na hakuna aliyelala nje. Ikishindikana, fungua shauri Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Inachukua muda, silifichi hilo. Lakini amri utakayoipata huko itakutoa shakani.

Na ukija kupewa nyumba yako kwa haki ukakuta vyombo vya watu, usiviuze na usivizuie kwa ajili ya kodi. Mwite sheha na jirani mmoja, orodhesheni chumba kwa chumba, pigeni picha, wote mtie saini, kisha vifungiwe mahali pakavu na mwenyewe apewe taarifa ya maandishi aje avichukue. Hiyo ni amana mikononi mwako, mzee wangu, na amana unajua mwenyewe uzito wake.

Nimepanga Fuoni kwa mkataba unaosema "haruhusiwi kupangisha". Niliuguza mama Pemba miezi 3, nikamuachia funguo binamu yangu alale. Mwenye nyumba anasema nimepangisha na nitoke. Nimevunja mkataba?

Alikulipa? Kama hakukulipa, na vyombo vyako vilikuwemo, na ulikuwa unarudi, basi huyo ni mgeni, na mgeni wa ndugu si mpangaji. Kama alikuwa anakupa kitu kila mwezi na wewe umehamisha kila kilicho chako, maneno yanabadilika. Kukuchangia umeme peke yake mimi sioni kuwa ni kodi, ila mweleze mwenye nyumba kabla hajasikia kwa majirani. Ujumbe mmoja wa kumuaga ulipoondoka ungetosha. Na ujue kwamba chochote alichovunja binamu, wewe ndiye unayekijibu.

Natafuta mlango wa duka Darajani. Mpangaji aliyemo anataka kilemba, yaani pesa ya kumtoa yeye, ili aniachie, anasema nyumba ni ya wakfu na yeye ana stakabadhi za miaka mingi, kwa hivyo hakuna atakayenisumbua. Nitoe?

Usitoe bado, dada yangu. Kilemba ni mazoea makongwe ya mjini na wengi wamefungua biashara kwa njia hiyo, lakini unachokinunua ni nafasi ya mtu, si nyumba. Stakabadhi hizo zina jina lake. Siku Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikikagua ikakukuta wewe, kwao ni mtu usiyejulikana, na kilemba chako hakimo katika daftari lolote. Nyumba za Shirika la Nyumba ni hivyo hivyo. Nendeni wote wawili ofisini kwanza. Ikiandikwa kwamba yeye anatoka na wewe unaingia, na mkataba ukatoka kwa jina lako, hapo zungumzeni pesa, na hata hiyo iandikwe na mashahidi wawepo. Akikataa kwenda ofisini, ashakujibu.

Nasisitiza hili kwa sababu waliopoteza vilemba ninaowajua karibu wote ni wanawake waliouza dhahabu zao. Bangili ya harusi inakwenda kwa mlango wa futi 8, na mwaka haujesha bidhaa ziko nje.

Shikamoo Mama. Nafanya kazi hoteli Paje. Tulichangia chumba mimi na mwenzangu, mkataba una jina lake tu. Kaondoka usiku na pesa yangu ya kodi. Mwenye nyumba kafunga chumba, nguo zangu na pasipoti zimo ndani. Anasema zitatoka nikilipa deni lote. (Kijana kutoka Tanga)

Marahaba mwanangu. Deni ni la aliyetia saini. Mwenye nyumba anaweza kukudai kwa siku ulizokaa, na kwa haki ukae naye mkahesabu, lakini hawezi kushika nguo zako kuwa rehani. Pasipoti ndiyo kabisa, hiyo ni mali ya serikali na hana sababu ya kuishika hata siku moja. Nenda kwake na sheha, mchana, bila ya kundi la marafiki. Sema unataka vitu vyako kwanza na hesabu baadaye. Akikataa, polisi. Mara nyingi akiliona jina la pasipoti katika maelezo ya polisi, ufunguo hupatikana.

Nilikaa Dar miaka kumi, kule migogoro ya nyumba tulikuwa tunaanzia Baraza la Kata. Huku niende wapi? Au kwa kadhi? Na wakili siwezi kumlipa. (Mwanakwerekwe)

Ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi ya Bara na mabaraza yake hayavuki bahari. Huku pa kuanzia ni kwa sheha, kwa usuluhishi, na ikishindikana ni Mahakama ya Ardhi kwa mambo ya nyumba yenyewe. Madai ya fedha na vyombo yana mahakama za kawaida, na ipi kati yao inategemea kiasi unachodai. Kadhi anasikiliza ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Upangaji haumo.

Kuhusu wakili, tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018, inayowatambua wanaotoa msaada huo kwa asiyekuwa na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa sheria walioko mitaani. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinafanya kazi hiyo tokea 1992, Unguja na Pemba. Nenda na mkataba kama unao, stakabadhi, jina la sheha, na ile orodha. Kama hujaiandika, iandike usiku huu kabla hujalala, maana baada ya wiki mbili utakumbuka friji na utasahau pasi.