Beji za blokicheni: kuthibitisha sifa yako bila kuanika jina

Mtu anayetafsiri, kuchora au kuandika programu akiwa Kampala kwa ajili ya wateja wa Ulaya anaishi kwa nyota na maoni yao. Nyota hizo ziko ndani ya akaunti, na akaunti ni mali ya kampuni yenye tovuti ya kazi. Siku wakiifunga, hata kwa sababu tu mfumo wao haukitambui kitambulisho chako, kazi yote ya nyuma inakwenda nayo. Yamewakuta vijana kadhaa ninaowafahamu, hasa Wakongomani wa Nsambya na Katwe ambao mkononi wana kadi ya ukimbizi tu. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza beji za blokicheni, yaani vyeti vya kidijitali vinavyoandikwa kwenye daftari la wazi la mtandaoni lisilo la kampuni moja, na siku hizi watu huniuliza kama kweli zina faida au ni mchezo mwingine wa kripto.

Faida ipo, ila inategemea zaidi unavyojipanga kabla ya kuchukua beji ya kwanza. Wengi huanza kwa pupa, halafu wanashangaa sifa waliyotaka kuionyesha imetembea na jina lao mpaka sebuleni.

Fikiria barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa hapa Uganda. Ukitaka kufungua akaunti benki au kupanga chumba, unaipeleka: jina, kijiji, namba ya simu, umekaa pale tangu lini, na muhuri. Anayeipokea alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba unajulikana unakoishi, lakini ameondoka na maisha yako yote kwenye faili. Beji inayolinda faragha hutoa lile jambo moja peke yake. Inasema mwenye pochi hii (akaunti ya blokicheni unayoishika mwenyewe) ana akaunti ya GitHub, tovuti ambako waandika programu huweka kazi zao, ya zaidi ya miaka miwili, au alichangia mradi fulani, bila kusema ni akaunti gani.

Hisabati yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba mtu anaweza kuthibitisha jambo bila kutoa siri iliyo nyuma yake. Kwenye beji inakwenda hivi: kuna orodha ya akaunti zinazostahili, nawe unatoa uthibitisho kwamba mojawapo ni yako bila kuonyesha ni mstari upi. Pamoja na uthibitisho hutoka msimbo mmoja usiobadilika, ambao mfumo unautunza ili akaunti ileile isichukue beji mara mbili. Sismo, mradi wa Wafaransa, ulikuwa ukitoa beji za namna hii kwenye mtandao wa Polygon kuanzia 2022. Mwaka huohuo E. Glen Weyl, Puja Ohlhaver na Vitalik Buterin walitoa andiko kuhusu tokeni zisizohamishika, zinazobaki na mtu kama cheti cha shule. Huwezi kuuza, huwezi kumpa shemeji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anza na sifa uliyo nayo tayari. Beji haitengenezi sifa, inaibeba. Akaunti mpya ya jana itakupa beji ya akaunti mpya ya jana. Kama una akaunti ya zamani ya GitHub, Stack Overflow, Wikipedia au LinkedIn, itunze kama shamba. Badilisha nenosiri, weka ulinzi wa hatua mbili, na usitegemee laini ya simu ambayo siku moja utaacha kuiwekea salio halafu ikagawiwa mtu mwingine. Nitaongeza neno kuhusu VPN, programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, maana hapa kwetu Facebook ilizuiwa Januari 2021 na wengi wetu tumezoea kuiwasha asubuhi mpaka jioni. Ukionekana leo uko Uholanzi na kesho Marekani, mifumo ya kukagua wadanganyifu inakushuku. Unapothibitisha akaunti, zima, au baki kwenye nchi moja.

Kwa anayeanza, Human Passport ndiyo njia nyepesi. Zamani iliitwa Gitcoin Passport, na ilitengenezwa ili watu wenye akaunti bandia mia wasipore fedha za ruzuku. Unaunganisha akaunti zako, kila moja inakupa stempu yenye alama, na mara nyingi alama 20 ndizo zinazohesabiwa kwamba wewe ni binadamu halisi. Stempu huisha muda baada ya siku 90, kwa hiyo weka ukumbusho kwenye simu. Akaunti moja haihesabiwi kwenye pochi mbili kwa wakati mmoja. Chagua pochi kwanza, ndipo uunganishe.

Pochi ndipo watu wanapoanguka. Kijana mmoja wa Nsambya alinijia akijivunia pochi yake ya siri yenye beji tatu. "Yaya, sikuandika jina langu popote," akaniambia. Nikafungua Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya blokicheni hadharani, nikabandika anwani ya pochi yake, tukashuka mpaka muamala wa kwanza kabisa. Fedha za kulipia ada za miamala zilitoka kwenye pochi nyingine. Nikabonyeza ile nyingine: ina jina linaloishia na .eth, ambalo mtu husajili ili litumike badala ya anwani ndefu, na jina hilo ndilo analotumia WhatsApp. Hakuna udukuzi hapo. Ni ukurasa ulio wazi ambao mteja, mwajiri au mwenye kinyongo anaweza kuusoma akiwa kitandani.

Kwa hiyo pochi ya beji iwe yake peke yake. Usiitumie kupokea malipo, na usiitilie fedha kutoka pochi yako ya kawaida au akaunti ya soko la kripto uliyosajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIN). Beji nyingi hazihitaji hata senti, kwa sababu mtoaji ndiye anayelipa ada au uthibitisho unakaa nje ya mnyororo, yaani nje ya blokicheni yenyewe. Nashukuru kwa hilo, maana tangu 2022 Benki Kuu ya Uganda ilipowakataza watoa huduma za malipo kubadilisha kripto kuwa pesa za simu, kununua hata kidogo kunakupeleka kwa watu wa mitaani wa kuaminiana. Maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Kumbuka beji hazihamishiki: ukipoteza maneno, mara nyingi zimekwenda.

Jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha ni ukubwa wa kundi. Uthibitisho unakuficha ndani ya orodha, basi. Orodha ikiwa na watu elfu hamsini, umefichika. Ikiwa ni ya wafasiri wa Kiswahili na Kifaransa walioko Uganda waliomaliza mradi fulani, mko wachache kiasi kwamba anayewajua atahesabu kwa vidole. Hatari inaongezeka ukirundika beji. Moja ya Kiswahili, moja ya Kampala, moja ya mkutano wa mwezi uliopita: kila moja peke yake ina watu wengi, zikikutana kwenye pochi moja umebaki wewe. Mimi huangalia wangapi wamekwisha kuichukua kabla sijaigusa. Kama ni wachache nasubiri, na sichukui siku ileile ninapomaliza kazi, kwa sababu saa ya muamala inaandikwa nayo.

Ndiyo maana POAP, zile beji za kuhudhuria mikutano, siziweki kwenye pochi ya siri. Ni nzuri na kuzichukua ni bure, lakini zimeandikwa hadharani: ulikuwa wapi, tarehe gani. Ni shajara ya safari zako.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisahihishwe au zifutwe. Blokicheni haifuti. Kwa hiyo mradi wowote unaotaka kuandika jina, picha au alama za mwili moja kwa moja kwenye mnyororo, kimbia. Tuliona kwa majirani: Kenya ilisimamisha Worldcoin Agosti 2023 baada ya watu kupanga foleni kupigwa picha za mboni, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Kuna pia beji zinazojitokeza zenyewe kwenye pochi na kukualika ubonyeze tovuti fulani kudai zawadi. Ziache zilale. Soma kidirisha cha saini kila mara: ujumbe wa kuthibitisha kwamba pochi ni yako ni maandishi tu na hautozi ada. Ukiona setApprovalForAll, unaombwa ruhusa ya kuchukua mali yako. Funga.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni jinsi ya kumwonyesha mteja. Picha ya skrini haithibitishi chochote. Anayetaka uhakika akutumie maneno aliyoyachagua yeye, uyatie saini kwa pochi yenye beji, naye aikague saini. Lakini mteja anayekujua kwa jina, ukimwonyesha pochi ya siri, tayari anayo yote mawili, jina na pochi, na huwezi kumnyang'anya. Wateja wa namna hiyo mimi huwapa pochi ya pili, iliyo wazi, yenye jina langu na beji za kazi ambazo sijali nani anaziona. Ile ya siri naitumia kupiga kura kwenye miradi, kuomba ruzuku na kuingia makundi ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayehitaji kujua naitwa nani.