Shokapu ya mbele ya pikipiki bado inavuja baada ya kuweka sili mpya

Mkuu, unashangaa sili mpya (mpira unaozuia oili ya shokapu isitoke) kuvuja ndani ya wiki mbili. Kabla hujailaumu, futa bomba la shokapu ulipitishie ukucha taratibu, juu hadi chini. Ukucha ukikwama hata kidogo, pana kutu au mkwaruzo, na hapo kila sili utakayoweka italiwa tu. Alama ndogo isugue kwa msasa laini, namba 2000, uliolowa oili. Likiwa shimo, badilisha bomba.

Wakati wa kuvalisha, funika ncha ya bomba kwa nailoni iliyopakwa oili ili mdomo wa sili usichanike. Mimi niliruka hatua hiyo, nikarudia kazi nzima! Oili mpya ipime kufuata kitabu cha pikipiki. Pedi za breki zikiwa zimelowa oili, tupa.