Jibu: Freinet alifundishaje na pafu bovu?

Salaam, mwalimu mwenzangu. Umeuliza Célestin Freinet, yule mwalimu Mfaransa, alifundishaje miaka yote ile na pafu lililojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wewe ufanyeje, maana sauti inakukauka kabla ya kipindi cha tatu.

Kabla ya yote kamwone daktari wa koo. Mimi nilichelewa, nikajuta.

Sasa Freinet. Alijeruhiwa mwaka 1917. Januari 1920 akaanza kazi Bar-sur-Loup, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, na pumzi haikumtosha kuhutubia darasa kutwa nzima. Basi akapunguza kuhutubia. Aliwatoa watoto nje. Wakirudi wanasimulia walichokiona, kinaandikwa. Tangu 1924 wakawa wanapanga herufi za chuma wenyewe na kuchapa maandishi yao. Alifariki 1966, karibu miaka 50 baada ya jeraha lile.

Mashine ya kuchapa usiihangaikie. Mimi natumia ubao tu: Jumatatu watoto wanne wanasimulia, mmoja anaandika, darasa linasahihisha. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Ya pili, binti mmoja akasimulia mbuzi wao alivyokula daftari la kaka yake, wakabishana dakika kumi kama iandikwe "alivyokula" au "alivyolila". Nami nimekaa dawati la nyuma, kimya.

Kwenye hesabu bado naongea sana. Huko sijapata dawa.