Kabla ya Kununua Darubini, Mpeleke Mtoto Mwaloni

Mwaka 2024 nilimnunulia binti yangu darubini ya plastiki. Alikuwa na miaka minane, na sayari zote nane alizitaja kwa mpangilio kama anaimba. Tuliiweka uani kwetu Nyakato, Mwanza, chini ya taa ya jirani inayowaka usiku kucha. Miguu ya darubini ilikuwa dhaifu. Ukiigusa tu, mwezi unaruka nje ya kioo. Siku ya nne ikapanda juu ya kabati, na mtoto akaniambia neno lililoniuma: "Mama, nyota ni za kwenye kitabu."

Nilikuwa nimeanzia pasipofaa. Kaka yangu anavua dagaa Kayenze, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, na watoto wa kando ya ziwa wanaijua ratiba ya mvuvi wa dagaa bila kufundishwa. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga unawavuta juu, wavu unawakusanya. Mbalamwezi ikiingia, ziwa zima linang'aa, taa ya mtumbwi inakosa nguvu, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Wanangu wanajua kwamba mjomba huja mjini wakati wa mbalamwezi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hapo tayari wanaijua kalenda ya anga.

Basi tukaanza na hilo. Kila mtoto nilimpa daftari, achore mwezi kila siku saa moja na nusu jioni, na pembeni aandike mjomba yuko wapi. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri: mwezi mwandamo magharibi, nusu mwezi utosini, mwezi mpevu mashariki. Kisha binti yangu akaja amenuna, mwezi umepotea. Sikumjibu, nikampigia kaka yangu nikampa simu. "Shikamoo mjomba, mwezi umeenda wapi?" Akamwambia haujaenda popote, unachelewa kutoka, na wao wanavua lile giza la kabla haujachomoza. Usiku ule na uliofuata tulikesha tukipima. Ulichelewa kwa kama dakika hamsini. Ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni huu: usikimbilie kujibu. Mwache mtoto akute tatizo mwenyewe, kisha mpeleke kwa mtu ambaye jambo hilo ndilo kazi yake.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro dakika nane. Kaka yangu alikuwa kwetu, na haikuwa bahati. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, dunia inapokaa katikati yake na jua, na mwezi mpevu ndio likizo ya mvuvi. Mwezi ulipogeuka rangi ya udongo mwekundu, nyota ambazo hatukuziona mwanzo zikajitokeza. Kijana wangu wa miaka sita akamgeukia: "Mjomba, giza limeingia, mbona huendi kuvua?" Kaka yangu alilichukua swali kwa uzito wake. Akamwonyesha kwa limau na tochi kwa nini giza lile lingeisha kabla hajafika Kayenze. Sijaona somo la sayansi zuri kama lile.

Desemba iliyofuata, shule zimefungwa na siku za giza zimeingia, tukaenda Kayenze wenyewe. Tulikaa juu ya jiwe tukitazama mashariki, Ghuba ya Speke. Taa za mitumbwi zilikuwa zimepangana juu ya maji. Kwenye saa mbili na nusu ikaonekana nyingine, ya manjano, chini kabisa. Watoto wakasema ni mtumbwi umechelewa. Tukasubiri. Baada ya robo saa taa ile ilikuwa imeinuka juu ya nyingine zote, na binti yangu akanishika mkono kwa nguvu: "Mama, huo mtumbwi unapaa!" Ilikuwa sayari ya Mshtarii (Jupita). Ilipanda karibu wima, maana Mwanza iko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na kwetu nyota huchomoza namna hiyo.

Ilipokuwa juu vya kutosha nikatoa darubini ya mkononi ya macho mawili, niliyoazima kwa rafiki. Ukiiegemeza juu ya jiwe isitikisike, unaona vitone vidogo kando ya Mshtarii vimejipanga mstari. Ni miezi yake, ile minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Watoto walichora walivyoviona, na kesho yake vilikuwa vimehama. Darubini ya namna hii, yenye namba 7x50 au 10x50, nakushauri uitangulize kabla ya ile ya miguu mitatu. Mashimo ya mwezini inayaonyesha vizuri, hasa mwezi ukiwa nusu.

Vitabu na video nyingi huanza na Nyota ya Kaskazini. Huku kwetu haionekani, iko chini ya upeo wa macho, kwa hiyo usimsumbue mtoto kuitafuta. Tunazo zetu. Novemba jioni tazama mashariki uone Kilimia, kile kishada kidogo ambacho wazee walikifuata kwa kilimo. Januari na Februari nyota tatu za mshipi wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, hupita karibu utosini. Mei tazama kusini uone Msalaba wa Kusini. Julai, mawingu yakiwa machache, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota hafifu, inakatiza anga lote, na kundi la nyota la Nge likiwa limekunja mkia ndani yake.

Mchana pia una kazi. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita utosini Mwanza. Simamisha fimbo, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Watategemea kivuli kiishe saa sita kamili. Hakiishi. Machi kinaisha karibu saa saba, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa longitudo 45 mashariki, jirani na Mogadishu, nasi tuko kwenye 33, na kila digrii ni dakika nne. Wasilitazame jua lenyewe, hata kwa sekunde moja, na darubini iachwe ndani kabisa.

Usiku kaeni juu ya mawe, mbali na ukingo wa maji. Viboko hutoka ziwani usiku kula majani, na wavuvi wa hapo ndio wanaojua wanapopitia, waulizeni kwanza. Kagueni jiwe kwa tochi kabla ya kukaa. Mkiona umeme ziwani, hata kwa mbali, shukeni na mwende ndani, radi ya ziwa hili haikupi muda. Vaeni mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Tochi ifungeni kitambaa chekundu na simu zizimwe, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza.

Daftari la binti yangu sasa ni la tatu. Kila mwezi kaka yangu hupiga simu na kusema, "Dada, hebu niitie watoto waniambie giza linaanza lini." Jibu analijua tangu akiwa kijana. Anasubiri kwenye simu hadi wamalize kuhesabu.