Swali la Nyongeza Ndilo Linalomshika Waziri

Kijana mmoja wa Mkoani, huku Pemba, ameniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo Maalim. Swali letu la kituo cha afya limesomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na Waziri amejibu kwamba kituo kitafanyiwa matengenezo hali ya fedha itakaporuhusu. Tumefurahi kulisikia jina la kijiji chetu redioni, lakini hatujui tumepata nini." Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, ila jambo lenyewe halikubali ufupi, na naamini wengi mnaosoma hapa mna swali la kijiji chenu ambalo mngependa lifike mbele ya Waziri na lirudi na kitu.

Tuanze na haki yenyewe, kwa sababu nimewasikia hata watu waliosoma wakisema kuwa Mwakilishi anapouliza swali anaiomba Serikali msaada. Kifungu cha 88 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kinapoorodhesha kazi za Baraza la Wawakilishi, kimeweka kuwauliza Mawaziri maswali katika orodha moja na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Waziri akisimama kujibu anatekeleza wajibu, na Mwakilishi aliyemuuliza ametekeleza wake. Swali lililoandikwa kwa unyonge, lenye "tunaiomba Serikali yetu sikivu" mwanzo na mwisho, humpa Waziri nafasi ya kujibu kwa huruma pale ambapo angelazimika kujibu kwa hesabu.

Haya niliyajua kwa machungu. Miaka ya nyuma pampu ya kisima kinachohudumia kijiji chetu, huku Wilaya ya Micheweni, iliungua. Mafundi wa taasisi inayohusika walikuja, wakaifungua, wakaipakia garini na kuondoka nayo, na haikuonekana tena. Wanawake wakarudi kwenye kisima cha zamani cha ndoo na kamba, ambacho maji yake yana chumvi, na watoto wa skuli wakawa wanakosa somo la kwanza kwa sababu ya foleni. Tulikwenda kwa sheha, sheha akaandika barua wilayani, wilayani wakatuambia kuwa suala limefikishwa panapohusika. Ndipo kamati yetu ya maji, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ikaamua kumpelekea Mwakilishi swali.

Tulimpa maelezo ya ukurasa mzima, yenye tarehe na majina. Kilichosomwa barazani kilikuwa sentensi moja: Serikali ina mpango gani wa kuwapatia wananchi wa kijiji hiki huduma ya maji safi na salama? Nani aliyakata maelezo yetu, na kwa nini, sikuambiwa mpaka leo, na sitaficha kwamba jambo hilo bado linaniuma. Waziri alijibu kwa kadiri swali lilivyomruhusu, kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo na itaendelea kulipatia ufumbuzi kwa awamu. Mwakilishi wetu alipopewa nafasi ya swali la nyongeza, yaani lile linaloulizwa papo hapo baada ya jibu la Waziri, alimshukuru Waziri kwa majibu yake mazuri, kisha akamuuliza kama yuko tayari kufuatana naye kwenda kuwapa pole wananchi. Waziri akasema yuko tayari. Sisi tulikuwa tumekaa nje ya duka tukisikiliza redio, na wazee walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu pampu haikutajwa hata mara moja.

Hilo la "yuko tayari kufuatana na mimi" mtalisikia karibu kila mkutano. Ni swali ambalo Waziri hulipenda kuliko yote, kwani halimgharimu hata senti moja, na akishalijibu nafasi imekwisha. Swali la msingi Waziri hulipata mapema kwa maandishi, watendaji wake humwandalia jibu, naye husoma karatasi. Swali la nyongeza ndipo anapojibu mwenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye akili huandika swali la msingi huku akilifikiria la nyongeza: la kwanza limtoe Waziri tamko lililo wazi, la pili limshike kwa tamko hilo hilo.

Mkutano mwingine ulipokaribia tulikwenda na karatasi tofauti kabisa, na sifa yake si yangu peke yangu. Mama mmoja wa kamati yetu, ambaye skuli aliiacha akiwa mdogo, alikuwa akiweka kumbukumbu katika daftari la mistari la mwanawe. Kila siku aliandika tarehe, na mbele yake akatia alama ya vema ikiwa maji yametoka mferejini au duara tupu ikiwa hayakutoka. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika siku waliyokuja mafundi na namba ya gari iliyoichukua pampu. Kurasa zile, zilizojaa duara kutoka juu mpaka chini, ndizo zilizozaa swali letu lenye vifungu vitatu: (a) pampu iliyochukuliwa kijijini tarehe hiyo ipo wapi na ipo katika hali gani, (b) fedha za kuitengeneza au kununua nyingine zimo katika programu gani ya bajeti ya mwaka huu wa fedha, na ni kiasi gani, na (c) kazi hiyo itamalizika lini. Safari hii tulimwomba Mwakilishi atusomee nakala aliyoiwasilisha kwa Katibu wa Baraza, neno kwa neno, kabla hatujaagana naye.

Waziri alikiri kuwa pampu ilikuwa imelala karakana na haifai tena, akasema fedha za kununua nyingine zimo katika matengenezo ya mwaka ule, na kifungu cha (c) akakijibu kwa "hivi karibuni". Tulilitarajia neno hilo. Mwakilishi alikuwa na swali la nyongeza tuliloliandika kwa ajili yake: kwa kuwa Waziri amethibitisha kuwa fedha zimo katika bajeti ya mwaka huu, na kwa kuwa mwaka wa fedha unamalizika mwezi wa Juni, ni kikwazo gani kinachomzuia kulitajia Baraza mwezi wa kufungwa pampu hiyo? Waziri alinyamaza kidogo, akautaja mwezi, na kabla ya mwezi huo kwisha maji yalitoka.

Naona fahari kwa hilo na sioni sababu ya kuificha. Lakini siku ya kuzindua kisima, chini ya turubai na viti vya plastiki, walishukuriwa watu wengi kuanzia viongozi mpaka dereva, na kamati ya maji haikutajwa. Mama mwenye daftari alikuwa nyuma ya nyumba akiwapikia wageni pilau. Nilimwambia aje akae mbele, akanijibu kuwa moto hauna wa kuushika. Viongozi wanaosoma hapa nawaambia bila kuuma maneno: swali mnalopigiwa makofi Chukwani mara nyingi limeandikwa na mtu wa namna hii, na kumtaja hakuwapunguzii heshima yoyote.

Sasa niwaase mnaotaka kufuata njia hii. Tafuteni tarehe, tafuteni kiasi, tafuteni jina la programu. Swali lisilo na kimoja kati ya hivyo litapata jibu lisilo na chochote. Hata sera nzuri inahitaji kubanwa kwa namna hiyo. Chukueni karafuu, ambayo sisi Wapemba ndio tunaoilima kwa wingi: Serikali iliahidi kwamba mkulima atalipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mwakilishi akiuliza kama Serikali inawajali wakulima wa karafuu atajibiwa kuwa inawajali sana. Akiuliza ni bei ya soko lipi na ya mwezi gani iliyotumika kupiga hesabu ya asilimia 80 msimu huu, Waziri itambidi alete karatasi ya hesabu, na mkulima wa Wete aliyeanika karafuu zake kwenye majamvi anaweza kuifuata hesabu hiyo mwenyewe.

Angalieni pia kama suala lenu linajibika Chukwani. Maji, afya, kilimo, barabara zetu na skuli za msingi na sekondari ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi. Polisi, uhamiaji, uraia na Baraza la Mitihani ni mambo ya Muungano, na Waziri wa Zanzibar akiulizwa kuhusu matokeo ya kidato cha nne yaliyozuiliwa atasema, kwa haki kabisa, kwamba si lake. Suala kama hilo mpelekeeni Mbunge wenu aliulize Dodoma. Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba Mawaziri wetu nao ni wajumbe wa Baraza hilo hilo, kwa hiyo ikiwa Mwakilishi wa jimbo lenu ameteuliwa kuwa Waziri hatasimama kumuuliza mwenzake. Msikae mkimlaumu. Mpelekeeni swali mjumbe wa viti maalum wa mkoa wenu au Mwakilishi wa jimbo la jirani, ambaye huenda wananchi wake wanakiendea kituo hicho hicho cha afya.

Kijana wangu wa Mkoani, jibu mlilopewa si bure. "Hali ya fedha itakaporuhusu" ni tamko, na limeandikwa katika Hansard ya Baraza, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa humo. Tafuteni ukurasa wenye jibu hilo, mtoe nakala, muuhifadhi pamoja na picha za paa linalovuja na idadi ya wajawazito waliopelekwa kwingine. Swali lenu linalofuata liulize ni kiasi gani kinachohitajika kwa matengenezo hayo, kwa sababu Waziri akishataja kiasi hawezi tena kuzungumzia hali ya fedha kwa jumla.

Mkutano wa bajeti ndio wa kuutazamia kuliko mingine yote. Waziri atasoma hotuba yake, na kitabu cha bajeti kitaonesha programu zake pamoja na fedha zake. Kisomeni ukurasa kwa ukurasa. Kama kituo chenu hakimo, Mwakilishi anaweza kuzuia shilingi ya Waziri, yaani kukataa fedha za wizara yake zipitishwe, wakati Baraza linapopitia matumizi kifungu kwa kifungu, mpaka apewe maelezo ya kuridhisha, na hapo Waziri huwa mwepesi wa kusema kuliko asubuhi ya maswali, kwa kuwa fedha za wizara yake bado hazijapita. Mpeni nakala ya Hansard na kiasi kilichotajwa kabla hajapanda meli ya kwenda Unguja, maana akishafika huko ana makaratasi ya jimbo zima mezani kwake.