Baba mkubwa aliuza lupango (kiwanja) yetu, mimi kwa nini nisile likelemba (pesa za mchango wa zamu)?

"Jambo Mama. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, tukalelewa na baba mkubwa hapa Katuba, Lubumbashi. Ni mzee wa kanisa. Kila jioni, bukari (ugali) ikiisha kuliwa, alitukalisha chini akatufundisha: usiibe, usiseme uongo, sheria ya Mungu haichagui mtu. Mdogo wangu alichukua franka elfu kumi za nyumba, akafukuzwa, hadi leo analala kwa marafiki. Mwaka huu nimekuja kujua kwamba lupango aliyotuachia baba, ambayo tuliambiwa serikali iliichukua, aliyeiuza ni baba mkubwa. Mimi ndiye ninayetunza pesa za likelemba ya akina mama kumi na wawili wa Soko la Kenya hapa mjini. Nikatoa dola 150, nikaenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kununua unga wa kuuza. Mama ambaye zamu yake imefika nimemwambia pesa zimechelewa. Silali vizuri. Lakini najiuliza: hizo sheria za watu wote ni za watu wote kweli, au ni kamba ya kutufunga sisi wadogo?"
Binti wa Katuba

Binti yangu,

Nianze na lupango, maana jeraha liko hapo. Mlichofanyiwa ni wizi, na mtu asikunyamazishe kwa kukuambia ni mambo ya familia. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya mali. Ndugu za marehemu wako kundi la pili. Kulea mayatima ni kazi nzito, na kwa hiyo kazi baba mkubwa anastahili asante yenu, lakini kumlisha mtoto hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali ya huyo mtoto.

Habari ya mdogo wako imeniuma kuliko lupango. Kijana alifukuzwa kwa franka elfu kumi na mtu ambaye tayari alikuwa amekula kiwanja kizima. Nadhani ndicho kitu kilichokuvunja, hata kama umekiandika kwa mstari mmoja tu.

Unaandika kama mtu asiyeamini tena. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na nimeona mtu anayeamini sana. Kama "usiibe" ingekuwa kamba ya kufunga wadogo tu, ungemsifu baba mkubwa kwa ujanja wake, na usiku ungelala. Umemhukumu kwa neno lilelile alilokufundisha. Yeye amejitoa chini ya hilo neno, neno lenyewe limebaki palepale.

Nilikuwa mtoto wa shule hapa Lubumbashi wakati wa MPR, chama cha Rais Mobutu. Asubuhi tulisimama mbele ya bendera, tukaimba, tukacheza, kisha tukapaza sauti: Kuwatumikia wengine? Ndiyo! Kujitumikia? Hapana! Tarehe 25 Novemba 1977 Mobutu mwenyewe alilaani kile alichokiita ugonjwa wa Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, akasema katika nchi yetu kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Alisema kweli tupu, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa juu ya huo uozo. Wazazi wetu wakajifunza somo ambalo wewe umejifunza mwaka huu: mkubwa akila, mjinga ni yule asiyekula. Tukaliita kwa utani Article 15 (kifungu cha 15), kila mtu ajitafutie. Mwalimu akauza pointi. Muuguzi akauza dawa ambazo mgonjwa alipaswa kupewa.

Oktoba 1991 tukaona mwisho wake. Askari walianza kupora mjini, raia wakafuata. Mtaani kwetu Kamalondo kulikuwa na mama mshonaji. Cherehani yake ilibebwa na vijana ambao yeye mwenyewe aliwashonea nguo za shule. Mmoja wao nilimsikia kwa masikio yangu: "Mobutu ameiba nchi nzima, cherehani moja ni nini?" Mobutu hakupungukiwa na kitu siku ile. Yule mama alikaa mlangoni na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, asijue mikono aiweke wapi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hata wakubwa wanaiba," ni yeye ninayemwona.

Binti yangu, huyo mama wa Soko la Kenya anayengojea zamu yake ni yeye. Zile dola 150 hazikutoka mfukoni mwa baba mkubwa.

Kuna njia nyingine ya kumjibu mtu anayehubiri asichotenda, na nchi hii inaijua. Tarehe 10 Desemba 1948 Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, ilikuwa kati ya nchi 48 zilizopiga kura ya ndiyo kwa Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kifungu cha 13 kinasema kila mtu ana haki ya kutembea popote ndani ya nchi. Na hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, mtu mweusi aliyekutwa usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa alikamatwa. Babu zetu wangeweza kusema kwamba haki ni uongo wa Wazungu, basi yaishe. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akahesabu matusi na mapigo. Akakumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu," yaani "wewe" ya Kifaransa isiyo ya heshima, wala si kwa urafiki, kwa sababu "vous" ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Hakuitupa heshima kwa kuwa waliokuwa wakiitaja walitunyima. Aliidai kama deni.

Nawe ukadai hivyo, lakini kwa mikono safi. Uza huo unga wiki hii, hata kama utapata hasara, na pengo lizibe kwa pesa yako. Nenda kwa yule mama nyumbani kwake, usimkute sokoni mbele ya watu, umweleze ulichofanya. Usirudie ile habari ya pesa kuchelewa. Kisha waambie akina mama wote, na uwape nafasi ya kuchagua mtunzaji mwingine. Wakikuondoa, kubali. Itauma.

Baada ya hapo omba kikao cha familia. Usiende peke yako: mwite shangazi na mzee mmoja ambaye baba mkubwa anamheshimu. Ongea taratibu, kwa adabu yote aliyokufundisha: "Baba, ni wewe uliyetuambia usiibe. Lupango ya baba yetu iko wapi?" Ukimaliza, nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akikataa, nenda ofisi ya ardhi ukaulize nani aliandikisha mauzo na kwa karatasi gani, halafu mtafute wakili.

Na siku ya kikao mdogo wako awepo. Kaa naye mkeka mmoja.