Ushiriki Upi Unaopandisha Alama?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mwanafunzi anayeshiriki zaidi darasani ndiye anayefaulu zaidi kwenye mtihani. Nikiwa mwalimu wa hisabati, jibu langu ni ndiyo, mradi tukubaliane kwamba ushiriki haupimwi kwa wingi wa mikono inayonyooshwa wala kwa ukubwa wa sauti zinazoitikia.

Chukueni kipindi ambacho mwalimu amemaliza kukokotoa hesabu ubaoni, akageuka na kuuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima huitikia "Ndiyo, mwalimu!" na mkaguzi aliyeketi nyuma huandika kwamba wanafunzi wamechangamka. Mwalimu huyohuyo akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kisha akamtaka kila mmoja aeleze kwenye daftari lake aliyepata jibu hilo alifikiri nini, na inawezekanaje jumla iwe ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, kelele hukatika. Wengine hufuta na kuandika upya, wengine huchora duara na kuligawa, na mkaguzi hana la kuandika. Kwangu mimi, kipindi kimeanza hapo.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya vyuo vikuu ya sayansi, uhandisi na hisabati ambamo wanafunzi walipewa kazi za kufikiri na kujadiliana, na yale ambamo walisikiliza mihadhara tu. Alama za mitihani zilikuwa juu kwa takriban asilimia 6 kwa walioshiriki, na uwezekano wa kufeli kwa waliosikiliza tu ulikuwa mara 1.5 ya ule wa wenzao. Asilimia 6 huonekana ndogo kwa anayeongoza darasa. Kwa aliye ukingoni mwa kufeli ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo, uhusiano huu hauendi upande mmoja. Anayefaulu hupata moyo wa kuchangia, na kuchangia humwongezea ufaulu, ilhali aliyefeli mara kadhaa hujitenga, hukwepa macho ya mwalimu, na kujitenga huko humdidimiza zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayeona kwamba wasemaji wakubwa ndio wanaoongoza asikimbilie kusema kwamba usemaji ndio uliowafikisha huko, kwa kuwa huenda walikuwa wakilijua somo tangu awali.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi nchini Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka, hubeba hoja, na waliozoea kunyamaza huanza kujitokeza. (Jaribuni: sekunde 3 mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu ajabu.)

Wala tusitegemee sana hisia za wanafunzi wenyewe. Jaribio la madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba waliojifunza kwa kushiriki walipata alama za juu zaidi, ingawa walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mtu huudhania kuwa ni kutoelewa.

Ndiyo maana siungi mkono utaratibu wa kutoa alama za ushiriki kwa kuhesabu nani amesema mara ngapi. Utaratibu huo humlipa mchangamfu kwa tabia yake na kumwadhibu mkimya ambaye daftari lake limejaa kazi. Kama alama hizo ni lazima zitolewe, zitolewe kwa maelezo yaliyoandikwa, kwa swali lililoulizwa, au kwa kosa ambalo mwanafunzi amelisahihisha na kueleza lilitokea wapi.